Friedrich Mwenye Hekima: mtawala aliyenyamaza na sura yake iliyosema

Katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani kuna uso mmoja ambao mgeni hukutana nao mara kwa mara: mzee mnene, mwenye ndevu zilizogawanyika pande mbili, macho mazito, kofia nyeusi bapa kichwani na manyoya shingoni. Ukitoka mji mmoja kwenda mwingine unamkuta tena, karibu vilevile, kama neno linalorudi katika sentensi nyingi. Huyo ni Friedrich III, mtawala wa Sachsen, aliyezaliwa mwaka wa 1463 na kufariki mwaka wa 1525, ambaye Wajerumani wanamwita Mwenye Hekima. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alichelewa kuamua, na alipenda kusema kupitia waandishi wake kuliko kwa kinywa chake. Hata hivyo ni watawala wachache wa Kijerumani wa wakati wake waliochorwa, kuchongwa na kuchapwa mara nyingi kama yeye.

Makala hii inasimulia maisha yake kwa kufuata picha na mavazi yake. Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kusoma maandishi, lakini sura ya mtawala nayo husomeka: ina msamiati wake, ina kanuni zake, na ina mambo inayoyanyamazia. Swali letu ni hili: mtu aliyeficha mawazo yake kiasi hicho, kwa nini alitaka uso wake uonekane kiasi hicho? Na uso huo ulimlinda nani?

Mtoto wa Torgau

Friedrich alizaliwa tarehe 17 Januari 1463 katika ngome ya Hartenfels, mjini Torgau, kando ya mto Elbe. Baba yake, Ernst, alikuwa mtawala wa Sachsen pamoja na ndugu yake Albrecht. Mwaka wa 1485 ndugu hao wawili waligawana nchi mjini Leipzig, na tangu hapo ukoo wao, ukoo wa Wettin, ukawa na matawi mawili: watoto wa Ernst upande mmoja, watoto wa Albrecht upande mwingine. Mgawanyo huo tuukumbuke, maana mwishoni mwa hadithi hii utarudi na upanga mkononi.

Mwaka wa 1486 Ernst alifariki, na Friedrich akashika nafasi yake akiwa na umri wa miaka 23. Alitawala kwa kushirikiana na mdogo wake Johann, na ushirikiano huo ulidumu karibu miaka 40 bila vita kati yao. Katika ukoo wa watawala wa siku zile, jambo hilo lilikuwa la nadra.

Nafasi aliyorithi haikuwa ya utawala wa kawaida. Nchi za Wajerumani zilikuwa ndani ya Dola Takatifu la Kirumi, na kaisari wa dola hilo hakurithi kiti chake, bali alichaguliwa. Hati ya mwaka wa 1356, inayojulikana kama Bula ya Dhahabu, iliweka wateuzi saba: maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Köln, mfalme wa Bohemia, na watawala wa Pfalz, Sachsen na Brandenburg. Kwa Kijerumani mteuzi huyo anaitwa Kurfürst. Sehemu ya kwanza ya neno inatokana na kitenzi cha zamani chenye maana ya kuchagua, na sehemu ya pili ni mtawala. Kwa hiyo Friedrich alikuwa mtawala-mteuzi, mmoja wa watu saba ambao bila wao hakuna kaisari.

Joho, kofia na panga mbili

Cheo kama hicho kilihitaji kuonekana. Katika sherehe kubwa za dola, wateuzi wasiokuwa maaskofu walivaa joho refu jekundu lenye manyoya meupe mabegani, na kofia nyekundu iliyozungushiwa manyoya hayohayo. Manyoya hayo ni ya mnyama mdogo wa nchi za baridi, ambaye ngozi yake hugeuka nyeupe wakati wa theluji, ila ncha ya mkia hubaki nyeusi. Zinatakiwa ngozi nyingi sana kutengeneza joho moja, na gharama hiyo ilikuwa sehemu ya ujumbe.

Mteuzi wa Sachsen alikuwa na kazi yake ya pekee: kumbebea kaisari upanga. Ndiyo maana nembo yake ilikuwa na panga mbili nyekundu zilizopishana juu ya uwanja mweusi na mweupe. Mtu asiyejua kusoma, akiona panga hizo juu ya mlango au pembeni mwa picha, alijua mara moja ni nyumba ya nani.

Alama hizo ziliingia pia mifukoni mwa watu. Milima ya Erzgebirge, kusini mwa Sachsen, ilikuwa na fedha nyingi, na mapato ya migodi ndiyo yaliyomwezesha Friedrich kujenga makanisa na ngome na kuwalipa wachoraji. Kuanzia mwaka wa 1500 watawala wa Sachsen walitoa sarafu kubwa ya fedha yenye nyuso zao. Kwa kuwa baadhi ya nyuso hizo zilivaa kofia zenye ukingo uliokunjwa, sarafu ilipata jina la kofia: Klappmützentaler. Vazi la kichwani likawa jina la pesa.

Hapa mwanafunzi wa lugha asimame kidogo. Sehemu ya mwisho ya jina hilo, taler, inatokana na Joachimsthal, bonde la Bohemia ambako, kuanzia mwaka wa 1520, zilitengenezwa sarafu nyingi za aina hiyo. Neno lilipita kwa Waholanzi, likaingia Kiingereza, na leo sisi tunalitamka dola kila tunapolipa kodi ya nyumba. Sarafu nyingine ya ukoo huohuo, yenye sura ya Maria Theresia wa Austria, ilitumika sana katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Na Kiswahili kina dola nyingine, iliyotoka Kiarabu, yenye maana ya utawala au nchi. Wengi husema dola hili kwa utawala na dola hii kwa pesa, na hivyo ngeli ndiyo inayoyatenganisha maneno mawili yenye sauti moja. Friedrich asingeona ajabu. Kwenye sarafu yake, utawala na pesa vilikuwa pande mbili za kipande kimoja.

Macho ya mwaka wa 1496

Kabla ya kuwa mzee wa kofia bapa, Friedrich alikuwa mtu mwingine. Mwaka wa 1493 alikwenda hija Yerusalemu, akarudi na masalia ya watakatifu. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Aprili 1496, alipita Nürnberg, na huko akamtafuta kijana ambaye jina lake lilikuwa halijawa kubwa. Kijana huyo alikuwa Albrecht Dürer, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 25.

Picha aliyochora sasa iko Berlin. Imechorwa juu ya kitambaa kwa rangi inayokauka upesi, na inaonyesha mtu wa miaka 33 akiwa amevaa nguo nyeusi yenye mapambo ya dhahabu, kofia nyeusi, mikono mbele yake, karatasi iliyoviringishwa katika vidole. Hakuna joho jekundu, hakuna upanga, hakuna nembo. Kilichopo ni macho. Yamefunguka mno, yanamtazama mtazamaji moja kwa moja, na hayasemi kama yana hasira au wasiwasi. Dürer aliyaweka mamlaka yote katika mtazamo huo, kana kwamba cheo hakihitaji vazi.

Friedrich aliipenda kazi ya kijana huyo. Aliendelea kumpa kazi za makanisa, ikiwa ni pamoja na picha ya mateso ya Wakristo elfu kumi, iliyokamilika mwaka wa 1508 na ambayo sasa iko Vienna, ambamo Dürer alijichora mwenyewe akitembea katikati ya umati. Lakini Dürer alikuwa mtu wa Nürnberg, mji uliojitawala. Hakukubali kuhamia kwa mtawala. Friedrich alihitaji mchoraji wa nyumbani.

Nyoka mwenye mabawa

Alimpata mwaka wa 1505: Lucas Cranach, mzaliwa wa Kronach. Cranach alihamia Wittenberg, akapewa mshahara wa gulden 100 kwa mwaka pamoja na nguo za jumba la mtawala. Hata mchoraji alivalishwa ili ajulikane ni wa nani. Mwezi wa Januari 1508 Friedrich alimpa nembo yake mwenyewe: nyoka mwenye mabawa ya popo, mwenye taji kichwani na pete mdomoni. Tangu siku hiyo nyoka huyo alikuwa sahihi ya karakana ya Cranach.

Kazi ya Cranach haikuwa kuchora picha za ukutani tu. Karakana yake ilipamba vyumba vya ngome, ilitengeneza mapambo ya michezo ya farasi, ilichora nembo, na zaidi ya yote ilichapa picha. Mtawala mwenye mchoraji mmoja ana picha moja. Mwenye karakana na mashine ya kuchapia ana picha kadiri anavyotaka.

Mfano mzuri ni kitabu cha mwaka wa 1509. Friedrich alikuwa amekusanya masalia mengi ya watakatifu katika kanisa la ngome yake huko Wittenberg: kitabu hicho kinahesabu vipande 5,005, vilivyohifadhiwa katika vyombo vya fedha, dhahabu na kioo, na Cranach alivichora chombo baada ya chombo. Mwanzoni kabisa mwa kitabu wapo Friedrich na Johann, bega kwa bega. Msomaji alikutana na watawala kwanza, watakatifu baadaye. Mwaka wa 1520 mkusanyo ulikuwa umekaribia vipande 19,000. Waumini waliokuja kuviona siku ya maonyesho walipata rehema, yaani kupunguziwa adhabu za dhambi zao, na sadaka zao zilisaidia kanisa na chuo kikuu.

Chuo hicho ndicho mtoto wake mwingine. Leipzig, yenye chuo kikuu tangu mwaka wa 1409, ilikuwa imeangukia upande wa Albrecht katika mgawanyo. Friedrich alibaki bila chuo, na mwaka wa 1502 alifungua chake Wittenberg, mji mdogo usiojulikana sana. Alikuwa akitafuta walimu. Mmoja wa waliokuja alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, na mwaka wa 1512, mtawa huyo alipopata udaktari wa teolojia, Friedrich ndiye aliyelipa gharama. Jina lake lilikuwa Martin Luther.

Mtawala na mtawa

Mwaka wa 1517 Luther alishambulia biashara ya rehema. Mtu angetarajia Friedrich akasirike kuliko wote: ni nani katika Ujerumani aliyekuwa na masalia mengi kama yeye, na rehema nyingi kama zile za Wittenberg? Badala yake alimlinda. Mwaka wa 1518 mjumbe wa Papa alidai Luther apelekwe Roma, Friedrich akakataa. Papa Leo X alimtumia zawadi kubwa, Waridi la Dhahabu. Aliipokea bila shauku, na Luther akabaki Wittenberg.

Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Luther alikuwa mwalimu wa chuo chake, na kumtoa kungekuwa kukivunja chuo. Isitoshe, Friedrich alishikilia kwamba mtu wa nchi yake asihukumiwe bila kusikilizwa, tena asihukumiwe mbali na kwao. Na polepole mafundisho yenyewe yalimgusa. Lakini hakutangaza. Wanahistoria wanakubaliana kwa jumla kwamba mtawala huyo na mtawa wake hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana. Kati yao alikuwapo Georg Spalatin, mwandishi, padre na mtunza maktaba wa Friedrich, aliyebeba barua, aliyetafsiri maandiko ya Kilatini kwa Kijerumani ili bwana wake ayasome, na aliyepunguza ukali wa kila upande kabla haujafika upande wa pili.

Mwaka wa 1519 kaisari Maximilian alifariki, na wateuzi walikutana Frankfurt. Wapo waliotaka Friedrich mwenyewe awe kaisari, na hata Papa aliona heri yeye kuliko mfalme wa Hispania au wa Ufaransa. Alikataa, akampigia kura Karl wa Hispania, kijana wa miaka 19, ambaye tarehe 28 Juni alichaguliwa na kuwa Karl V. Mtu aliyetumia maisha yake kuvaa cheo cha mteuzi alijua kipimo cha vazi lake. Joho la kaisari lingekuwa kubwa mno kwa mapato ya Sachsen.

Miaka miwili baadaye Karl huyohuyo alimwita Luther mbele ya baraza la dola mjini Worms. Luther alisimama hapo tarehe 17 na 18 Aprili 1521, akakataa kuyafuta maandishi yake, na kaisari akamwondolea ulinzi wa sheria. Maana yake yeyote angeweza kumkamata au kumwua. Ndipo Friedrich alipotumia ujuzi aliokuwa nao kuliko wote: ujuzi wa kupanga nini kionekane na nini kisionekane. Tarehe 4 Mei, Luther akiwa njiani kurudi, wapanda farasi walimteka msituni, wakamficha katika ngome ya Wartburg. Inasimuliwa kwamba Friedrich aliwaomba washauri wake wasimwambie mahali penyewe, ili akiulizwa ajibu kwa kweli kwamba hajui.

Pale Wartburg mavazi yalifanya kazi kuliko kuta. Luther alivua kanzu ya utawa, akaacha nywele zikue juu ya upara wa kitawa, akafuga ndevu, akafunga upanga kiunoni, akaitwa Junker Jörg, kama mmoja wa mabwana wadogo wa shamba na farasi. Mwaka wa 1520 Cranach alikuwa amemchonga kwenye bamba la shaba kama mtawa aliyekonda. Sasa alimchora na ndevu na nguo za bwana, na picha hiyo ikachapwa mwaka wa 1522. Karakana iliyojifunza kumfanya mtawala ajulikane ndiyo iliyoonyesha jinsi mtawa alivyofichwa asijulikane.

Lugha ya ofisi

Katika miezi ile ya kujificha Luther alitafsiri Agano Jipya lote kwa Kijerumani. Lilichapwa Wittenberg mwezi wa Septemba 1522, na Cranach alishiriki gharama na kutengeneza picha za Kitabu cha Ufunuo. Ni hapa ambapo Friedrich anaingia katika historia ya lugha, na wengi wanampita bila kumwona.

Luther alijua kwamba Kijerumani si kimoja. Mtu wa kaskazini na mtu wa milima ya kusini waliweza kushindwa kuelewana kabisa. Alieleza kwamba hakufuata lahaja ya kijiji fulani, bali alifuata namna ya kuandika ya ofisi ya waandishi wa Sachsen, na alimtaja Friedrich pamoja na kaisari Maximilian kuwa watawala waliovuta lahaja za dola zikaribiane. Waandishi wa Friedrich walikuwa wakiandikia miji na watawala wa pande zote, kwa hiyo waliepuka maneno yanayoeleweka mahali pamoja tu. Sachsen yenyewe ilikuwa nchi ya katikati, iliyokaliwa kwa karne kadhaa na wahamiaji wa sehemu mbalimbali za Ujerumani, na lugha yake ilikuwa imekwisha kuchanganyika.

Wanaisimu wa leo hawakubali kwamba Luther au Friedrich alikiumba Kijerumani sanifu. Kazi hiyo ilichukua karne mbili zaidi, na wachapaji, walimu na wanasarufi wengi walichangia. Lakini mwelekeo uko wazi: umbo moja la maandishi, linalorudiwa kila siku katika barua za serikali, lilipata heshima kabla ya kupata sarufi. Sisi tunaosoma Kiswahili sanifu chuoni na kurudi nyumbani kwenye Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu hatuhitaji kuelezwa sana. Tunajua pia kwamba Kiunguja hakikuchaguliwa kuwa msingi wa sanifu kwa sababu kilikuwa bora kwa asili kuliko Kimvita. Ofisi, shule na mashine za kuchapia zilikuwa na neno lao.

Tazama basi mlingano. Cranach aliuchukua uso wenye mikunjo na hali nyingi, akautengenezea umbo moja linaloweza kunakiliwa. Ofisi ya waandishi ilichukua lahaja nyingi, ikazifanyia jambo lilelile. Picha ya mtawala na lugha sanifu hupata nguvu kwa njia moja, yaani kurudiwa hadi watu wasione tena kwamba kulikuwa na uchaguzi.

Jozi sitini

Dürer alimchora tena Friedrich kabla hajafa. Picha ya mwaka wa 1524, iliyochongwa kwenye bamba la shaba, inaonyesha mzee mwenye uso mzito na ndevu nene, kofia kichwani, nembo mbili juu. Maandishi ya Kilatini chini yake yanamsifu kwa upendo wake kwa neno la Mungu. Macho yaleyale ya mwaka wa 1496 yapo, lakini sasa yamechoka.

Kuchoka huko kulikuwa na sababu. Maonyesho ya masalia yaliyomgharimu maisha yake yote yalikomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1520, na mwaka wa 1525 wakulima wa Ujerumani waliasi dhidi ya mabwana wao. Friedrich alifariki tarehe 5 Mei mwaka huo katika ngome ya Lochau, siku kumi kabla ya wakulima kuuawa kwa maelfu huko Frankenhausen. Kabla ya kufa alipokea mkate na divai, namna ambayo watu wa Mageuzi waliidai. Basi jambo alilolinyamazia miaka minane alilisema kwa tendo moja. Alizikwa katika kanisa la ngome ya Wittenberg, Luther akahubiri, na Philipp Melanchthon akatoa hotuba kwa Kilatini. Mwaka wa 1527 Peter Vischer Mdogo wa Nürnberg alimaliza sanamu yake ya shaba nyeusi kwa ajili ya kaburi. Humo amesimama akiwa na joho, kofia ya mteuzi na upanga, cheo kizima bila kupungua.

Hakuoa kamwe. Alikuwa na watoto nje ya ndoa, lakini mama yao hayumo katika picha za ukoo. Urithi ulimwendea Johann, na Johann alipofariki mwaka wa 1532, ukamwendea mwanawe, Johann Friedrich. Hapo uso wa marehemu ulianza kazi mpya. Kaisari Karl alikuwa hajamthibitisha kijana huyo katika cheo, na mwaka wa 1533 karakana ya Cranach ililipwa kwa jozi 60 za picha ndogo: Friedrich upande mmoja, Johann upande mwingine. Ni mbao ndogo zenye nyuso zilezile, kofia zilezile nyeusi, manyoya yaleyale, na karatasi yenye mashairi imebandikwa chini. Shairi la Friedrich linamfanya marehemu aseme mwenyewe. Linacheza na jina lake, ambalo sehemu yake ya kwanza ni neno la Kijerumani lenye maana ya amani, linataja chuo alichokianzisha, na linakumbusha kwamba angeweza kuwa kaisari lakini alimchagua Karl bila kununuliwa. Picha hizo zilikusudiwa kutolewa zawadi, na ujumbe wake kwa kaisari ulikuwa dhahiri: nyumba hii ndiyo iliyokupa taji, usiinyime joho lake.

Kwa muda ilifaa, maana mwaka wa 1535 Johann Friedrich alithibitishwa. Lakini picha haizuii jeshi. Tarehe 24 Aprili 1547, huko Mühlberg, kaisari aliwashinda Waprotestanti na kumteka Johann Friedrich. Cheo cha mteuzi kilivuliwa tawi la Ernst na kupewa Moritz, wa tawi la Albrecht, aliyekuwa amepigana upande wa kaisari. Titian alimchora Karl mshindi akiwa juu ya farasi, na alimchora pia mfungwa wake: mtu mnene aliyekaa, amevaa nguo nyeusi yenye manyoya, bila joho, bila upanga. Cranach mzee alimfuata bwana wake huyo hadi kifungoni, kisha Weimar, akafia huko mwaka wa 1553. Panga mbili zilizopishana zilibaki na washindi. Karne mbili baadaye, katika miaka ya 1720, kiwanda cha vyombo vya kauri cha Meissen kilizifanya alama yake, na hadi leo ukipindua sahani ya Meissen utaziona chini, kwa rangi ya buluu.

Kinachobaki

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, jibu halimo katika kujisifu tu. Friedrich alikuwa na nchi isiyo kubwa, kati ya kaisari na Papa, na ndugu wa tawi la pili wakisubiri akosee. Maneno yangeweza kumfunga, kwa kuwa kila alichosema kingetumiwa dhidi yake. Uso haukumfunga. Ulionyesha cheo, uzee, uthabiti na ibada, na haukuahidi chochote. Nyuma ya uso huo alipata nafasi ya kusubiri, na katika nafasi hiyo mtu mmoja aliyehukumiwa aliishi, akaandika, na lugha ikapata kitabu chake.

Lakini tusome pia kile ambacho picha hazisemi. Wachimba fedha wa Erzgebirge hawamo. Mama wa watoto wake hayumo. Wakulima wa mwaka wa 1525 hawamo, ingawa walikuwa nje ya dirisha mchoraji alipokuwa akichora manyoya nyuzi kwa nyuzi. Kila umbo linalosanifishwa, liwe uso au lugha, linaacha watu nje ya fremu. Friedrich anastahili sifa ya hekima kwa yule aliyemlinda. Sisi tunaosoma alama kwa kazi, tunapoutazama uso wake kwa mara ya sitini, tuulize pia ni nani hakuchorwa.